Mkono Niliousahihisha

Kabla sijaanza kusahihisha filamu za watu wa nchi za mbali, nilikuwa nimechora picha mbili tu zilizojulikana nje ya shule yetu. Ya kwanza ilikuwa panzi mkubwa aliyebandikwa ukutani darasa la tano, ambaye mkaguzi mmoja alimhesabu miguu akapata saba. Ya pili ilikuwa fahali niliyemchora kwenye ubao wa bucha moja kule Mayoni. Baada ya wiki moja mwenye bucha alinirudishia ubao wangu, akaniambia kwa upole kwamba wateja wanauliza kama siku hizi anauza punda. Mtu mwingine mwenye sifa kama hizo angenyamaza. Mimi nikawa mhakiki.

Jina langu ni Phanuel Shitanda. Mwaka huo wa 1999 nilikuwa nimefundisha somo la Sanaa na Ufundi katika shule za msingi za Kakamega kwa miaka ishirini na minne. Ni lile somo ambalo vipindi vyake huchukuliwa na mwalimu wa Hesabu mtihani ukikaribia, na mwenyewe hubaki ofisini akichonga penseli. Nilikuwa na kalamu nyekundu iliyojaa wino na sikuwa na watu wa kutosha wa kuiogopa.

Osman ndiye aliyenipatia watu. Alikuwa mtu wa Mumias, ana ofisi ndogo ya kuchapa barua na mitihani karibu na soko la Kakamega, na mwaka huo alikuwa ameunganisha kompyuta yake na laini ya simu. Jumamosi moja nilipompelekea mtihani wa darasa la saba achape, alinivutia kiti.

"Mwalimu, kuja uone kitu ya watu wako," akasema.

Ulikuwa ukurasa wa kundi la watu kutoka kila pembe ya dunia waliokuwa wakichora filamu fupi za katuni, kila mmoja peke yake nyumbani kwake, bila kampuni wala mshahara. Wakimaliza waliziweka pale ili wenzao wazitazame na kutoa maoni. Filamu ya nusu dakika ilichukua karibu nusu saa kutufikia. Picha ilishuka polepole kutoka juu, mstari kwa mstari. Osman alikwenda kuswali adhuhuri, akarudi, na samaki wa kijana mmoja wa Norwe alikuwa bado ni kichwa peke yake.

"Wanaomba maoni ya kujenga," Osman akaniambia. "Si wewe ni mtu wa kuchora?"

Sikumkumbusha habari za bucha. Nilichukua karatasi nikapiga mistari kama nilivyozoea: usafi alama ishirini, uchoraji thelathini, mwendo thelathini, nidhamu ishirini. Mpaka leo sijui nidhamu ya samaki aliyechorwa inapimwaje, lakini nilimpa kumi na moja. Jumla alipata hamsini na mbili. Chini nikaandika kwamba samaki hana magamba, mkia wake umelegea, na mwenye kazi aongeze bidii. Kundi lilitumia Kiingereza, na Kiingereza changu ni kile cha ripoti za kufunga shule, kwa hiyo kila nilichoandika kilitoka kama ripoti ya kufunga shule.

Kijana wa Norwe alijibu akishukuru. Hiyo shukrani iliniharibu kabisa. Kuanzia hapo kila Jumamosi nilikuwa kwa Osman, nimevaa koti, nasahihisha dunia. Mwisho wa mwezi nilitoa orodha ya nafasi, wa kwanza mpaka wa tisa, na aliyeshika mkia, bwana mmoja wa Brazili, nikamwandikia kwamba mahali alipo si pabaya ikiwa atakubali kujifunza. Alinijibu kwa sentensi mbili za Kiingereza cha mitaani ambazo Osman alikataa kunifafanulia.

Mke wangu Kageha alinitazama nikipiga hesabu ya wastani wa darasa langu jipya mezani, akaweka kikombe cha chai kando ya karatasi.

"Baba Mitchel, hawa watu umewafundisha wewe?"

"Hapana."

"Sasa wamekuwa namba ngapi kwa mtihani gani?"

Nilimwambia kwamba mambo ya sanaa ni marefu. Akaniambia kuni nazo ni ndefu na zinangoja kupasuliwa.

Mwezi wa Juni ilikuja filamu iliyonishtua kwa sababu ilikuwa na sufuria ninayoijua. Ilikuwa ya penseli tupu, bila rangi, sekunde arobaini. Mama mmoja anapika ugali kwenye mafiga. Anakoroga, anageuza uso kuukwepa moshi, anakatakata kwa mwiko, anapakua, kisha anakunyooshea sahani wewe unayetazama, kana kwamba umekaa pale kwenye kigoda ukimngoja. Basi, inaisha. Aliyeichora aliitwa Gentrix Khalayi. Alikuwa msichana wa Chekalini, lakini wakati huo alifanya kazi Eldoret katika ofisi moja yenye mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta, na bosi wake alimruhusu kuitumia saa ya chakula. Alikuwa amechora picha mia mbili na sita. Alieleza kwamba mama huyo ni mamake, Mildred, aliyefariki mwaka uliotangulia, na kwamba angependa filamu hiyo ionyeshwe kwenye ukumbusho wake mwezi wa Agosti, baba na jamaa wote wakiwapo. Aliomba maoni kabla ya siku hiyo.

Sasa nitasema ukweli ambao ningeweza kuuficha, maana wengi waliokuwa kwenye kundi hilo hawakunijua na hawatanijua kamwe. Filamu hiyo ilinigusa. Nilikaa mbele yake nikasikia njaa, njaa ya kitoto kabisa ya kurudi nyumbani kutoka shule. Na kwa kuwa mwalimu akiguswa huogopa kuonekana, nilitoa kalamu.

Nilimpa alama arobaini na moja kwa mia. Nilimwandikia Kiswahili, maana huyu alikuwa wa kwetu. Nikasema uchoraji si mbaya. Kisha nikaandika hivi, na maneno haya nayakumbuka kuliko shairi lolote nililokariri shuleni: "Kuna kosa kubwa. Mama anakoroga na kumpa mtu chakula kwa mkono wa kushoto. Mwanamke wa heshima hafanyi hivyo. Wageni watakaoona watasema hakufunzwa kwao. Rekebisha picha zote, kisha uniletee nizipitie upya."

Sikuona ubaya wowote. Kwetu mkono wa kushoto hauamkui mtu, haupokei, hautoi. Nimewafunza watoto hivyo tangu nilipoanza kazi, na waliokuwa wakishika penseli kwa mkono huo niliwahamishia kalamu kulia kwa rula, nikijiambia nawasaidia. Msichana amekosea, mwalimu amesahihisha. Nilikwenda nyumbani nikapasua kuni nikiimba.

Baada ya wiki tano Gentrix aliandika tena. Barua ilikuja kwangu peke yangu, haikuwekwa kwenye ukurasa wa kundi. Osman aliichapisha, akanipa karatasi bila utani wowote, nikajua ameisoma.

Gentrix alinishukuru kwanza. Alisema amefanya nilivyomwagiza. Karatasi za kuchorea zilikuwa haba, kwa hiyo alifuta mikono kwa raba kwenye karatasi zilezile, picha mia na themanini, akachora mingine ya kulia, kisha akaziingiza upya kwenye kompyuta juu ya zile za zamani, na ile filamu ya kwanza akaiondoa kwenye ukurasa wa kundi. Halafu akaenda nyumbani Chekalini na mafungu ya karatasi, akamwonyesha babake akizipekua haraka kwa kidole gumba ili picha zionekane zikitembea.

"Baba alitazama mpaka mwisho," aliandika. "Akasema nimechora vizuri sana. Kisha akaniuliza, huyu ni nani?"

Nilisoma hapo mara tatu.

"Mwalimu, mama alikuwa wa mkono wa kushoto tangu kuzaliwa," barua iliendelea. "Alipoolewa, nyanya alikataa kula chakula chake mwezi mzima kwa sababu ya mkono huo. Watu walisema arudishwe kwao. Baba akasema, msipokula nyinyi nitakula mimi. Akala kutoka mkono huo miaka thelathini na mmoja. Mimi nilijua haya yote. Lakini uliposema wageni watacheka, niliogopa wamcheke mama akiwa hayupo wa kujitetea. Sasa nimejaribu kuurudisha mkono wake na siwezi. Nilipouchora mara ya kwanza nilikuwa namwona. Nikifumba macho sasa naona ule wa kulia. Ukumbusho ni Agosti ishirini na nane. Kama ulihifadhi filamu ile ya kwanza, tafadhali nitumie."

Nilikuwa nimeihifadhi. Mimi ni mtu wa kumbukumbu, ninaweka hata tikiti za kanisa za mwaka wa sabini na nane. Nilikuwa nimemwomba Osman ainakili kwenye disketi yangu, ile ya buluu, nikaandika juu yake "Khalayi, 41". Nilikimbia nyumbani nikaileta. Osman akaiingiza, mashine ikakwaruza, na kwenye kioo ukatokea mtihani wa majaribio wa darasa la saba, maswali hamsini, na mchoro wa panzi.

"Nani aliandika juu yake?" nikauliza.

"Mwalimu, ni wewe ulinipatia," Osman akasema. "Ulisema hii ya Khalayi haina haja tena, msichana ataleta mpya."

Nilikaa kwenye kile kiti muda mrefu. Watu waliingia wakachapa barua zao za kuomba kazi wakatoka. Nilikuwa nimemfuta mke wa mtu mara mbili, mara moja kwa maoni na mara ya pili kwa panzi.

Nilimwandikia Gentrix jibu lenye maneno machache. Nilimwambia filamu haipo, nimeifuta kwa mkono wangu. Nilimwambia pia kwamba nilikosea. Neno hilo lilinipa taabu kuliandika. Katika miaka ishirini na minne nilikuwa nimeliandika mara maelfu kwenye madaftari ya watu wengine, na herufi zake zote nilizijua, lakini ilipofika zamu yangu nililifuta mara mbili kabla ya kuliacha likae. Nikamalizia kwa kusema shule zinafunga, nina shemeji kule Matete, jirani na kwao, ninayeweza kulala kwake, na kama wataniruhusu nitakuja Chekalini kusaidia kuchora upya.

Alijibu neno moja: "Karibu." Kageha aliposikia alinifungia ndizi za njiani, akaniambia, "Uende, na usimpe mtu namba."

Mzee Isaiah Wanzala, babake Gentrix, alikuwa mtu mrefu, mkimya, mkulima wa mahindi. Nilikuwa nimejitayarisha kufukuzwa. Alinipa mkono, akanionyesha kiti, akasema ameambiwa mimi ndiye mwalimu. Jinsi alivyolitamka neno "mwalimu", kwa heshima tupu, ingekuwa afadhali angenitukana.

Tulikaa kwenye meza ya sebuleni, Gentrix upande mmoja, mimi upande wa pili, karatasi katikati. Alikuwa amepata likizo ya wiki mbili. Nilianza mimi, kwa kujiamini kwa mtu asiyefunzika. Nilichora mkono wa kushoto umeshika mwiko. Gentrix akautazama.

"Huu ni mkono wa kulia umegeuzwa, Mwalimu," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Akasema vidole ni vya mtu anayeshika chaki. Nikarudia tena. Akasema huu sasa ni mguu. Kufikia saa sita nilikuwa nimeharibu karatasi kumi na nne, na nikajua vizuri jinsi kijana wa Norwe alivyojisikia, isipokuwa yeye alikuwa na adabu ya kushukuru. Lakini Gentrix pia hakuwa amefaulu. Mikono yake ilikuwa sahihi, na kila mara aliisukuma kando akisema siye.

Siku ya pili Mzee Wanzala, ambaye alikuwa akipita tu kuelekea ghalani, alisimama nyuma yetu. Hakuwa ameshika penseli tangu darasa la tatu, alituambia hivyo mwenyewe. Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Kiwiko yake haikuwanga chini hivi," akasema. "Ilikuwanga juu, kama mtu anafukuza kuku."

Gentrix akainua kiwiko. Mzee akatikisa kichwa, akaingia jikoni, akarudi na mwiko. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akasimama katikati ya sebule, mwanamume wa miaka sitini na kitu, akakoroga hewa.

"Hapa alikuwa anasimamisha kidogo," akasema. "Kwa sababu ya moshi. Anageuka huku. Halafu anarudi na nguvu, obusuma, hii ugali yetu, isigande. Na akipeana sahani, hii kidole kubwa inaingia kwa ugali kidogo. Kila siku. Nilimwambianga, Mildred, toa kidole. Ananiambia, kwani ni kidole ya nani."

Gentrix alikuwa anachora bila kuinua kichwa, na machozi yalikuwa yakidondoka kwenye karatasi, na hakuna aliyesema kitu juu ya usafi. Ningetaka kusema kwamba mimi nililia kwa sababu hiyo tu. Nililia pia kwa wivu. Mzee huyu alikuwa ametoa maoni bora kuliko yote niliyoyaandika mwaka mzima, na hakutoa hata alama moja.

Tangu siku hiyo kazi yangu ilikuwa kufuta kwa raba. Nilikuwa hodari. Nilifuta mikono ya kulia, yote mia na themanini, nikapuliza vumbi, nikamsogezea Gentrix karatasi safi, naye akachora. Mzee alikuja jioni baada ya kazi za shamba, akakagua zilizokuwa zimekamilika. Nyingine alizipitisha, nyingine alizirudisha, na kila aliyoirudisha alisema kwa nini. Alizitazama moja moja, zikiwa zimelala mezani. Kuzipekua kwa kidole gumba alikataa. Alisema ile mara ya kwanza ilimtosha, atangoja siku yenyewe. Siku mbili kabla ya ukumbusho Gentrix alizipeleka Eldoret, akaziingiza kwenye kompyuta ya ofisini kwake, akarudi na filamu kwenye disketi.

Asubuhi ya ukumbusho Osman alifika na pikapu, kompyuta imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Aliwasalimia waombolezaji kwa salamu za msikitini kwao Mumias, wakamwitikia kwa za kanisa, wote wakaridhika. Kanisa lilituazima jenereta. Ibada ilifanywa nje chini ya turubai, na baadaye tukaingia sebuleni ambako madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili kioo kionekane. Mzee Wanzala alikaa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa cha kufumwa. Nyuma yake walisimama dada zake, majirani, mchungaji na watoto waliopenya. Mimi nilijibana karibu na mlango, nikiwa tayari kutoka ikiwa mtu yeyote angeuliza huyu ni nani.

Gentrix akabonyeza. Jenereta ilikuwa ikinguruma nje, na Mildred akaanza kukoroga. Kiwiko kilikuwa juu. Nilisikia mama mmoja nyuma akivuta pumzi. Moshi ukaja, akageuza uso, akarudi kwa nguvu. Dada mmoja wa Mzee akacheka kidogo na kusema, "Mwangalie," kama mtu amwonaye jirani akipita barabarani. Hakuna aliyecheka mkono. Akakata, akapakua, akamnyooshea Mzee sahani kwa mkono wa kushoto, kidole gumba ndani ya ugali.

Mkono wa Mzee Wanzala ulitoka gotini ukainuka kidogo, kisha ukashuka.

Kioo kikabaki cheupe. Gentrix alipiga magoti kando ya kiti cha babake. Nilikuwa nimemwambukiza, masikini, alishindwa kukaa bila kuuliza.

"Baba, kuna kitu ya kurekebisha?"

Mzee alifikiri. Aliichukulia kwa uzito, kama alivyokuwa akifanya kila jioni na zile karatasi.

"Ni yeye," akasema. "Hakuna makosa. Shida ni fupi."

Gentrix alinitazama pale mlangoni. Nadhani ni mazoea, kumtazama mwalimu jambo likishindikana. Nilikuwa nimewaambia watu wa nchi kumi na moja jinsi ya kurekebisha filamu zao, na maoni haya, ambayo yalikuwa ya kweli kuliko yote, hakuna mtu humo ndani aliyeweza kuyafanyia kazi. Gentrix akageuka, akairudisha mwanzo.